Shajara ya Mradi: Asili ya Neno la Kiingereza “Pepper”

3 Februari

Mradi huu una kazi moja: kulichukua neno la Kiingereza “pepper” na kulirudisha nyuma hatua kwa hatua, mpaka pale ambapo hakuna tena andiko wala kanuni ya sauti inayoweza kutupeleka mbali zaidi. Nimelichagua kwa sababu kila kituo cha njia yake kina ushahidi wa maandishi, tangu nyimbo za ibada za kale za Wahindi hadi vibao vya mbao vya askari wa Kirumi, na kwa sababu neno letu la pilipili ni ndugu yake wa damu. Msomaji wa Kiswahili anastahili kuelezwa undugu huo unapita wapi, asiishie kuambiwa tu kwamba maneno hayo mawili yanafanana.

Kila umbo la neno litakuwa na kadi yake, na kila kadi itabeba mambo manne: umbo lenyewe kama lilivyoandikwa, maana lililokuwa nayo mahali hapo, andiko la zamani linalolithibitisha, na kanuni ya sauti inayoliunganisha na umbo lililolitangulia. Kadi isiyo na hilo jambo la nne haitaingia katika mnyororo, hata kama maana inalingana kabisa. Sharti hili si ukali wa bure. Kihispania huiita pilipili manga “pimienta”, neno linaloanza kwa p na kutaja kitu kilekile, na mtu mwenye haraka angelifunga kamba moja na “pepper”. Lakini “pimienta” limetokana na neno la Kilatini “pigmenta”, yaani rangi, ambalo baadaye lilipanuka likajumlisha dawa na viungo vya chakula. Kufanana kwake na “pepper” ni kwa bahati tu, na kadi yake nimeiweka pembeni mapema ili isije ikapotosha hesabu.

7 Februari

Nimemaliza kadi za Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha Kale neno huandikwa “piper” au “pipor”, na linajitokeza mara nyingi katika kitabu cha tiba kinachojulikana kama Leechbook ya Bald, ambacho nakala yake iliyopo ni ya karne ya 10. Humo pilipili ni dawa kabla ya kuwa kiungo: inasagwa, inachanganywa na asali au divai, na inapewa wagonjwa wa tumbo na wa kichwa.

Kuna shahidi mwingine wa zamani zaidi, ila inabidi kumpokea kwa uangalifu. Mtawa Bede alipokaribia kufa mwaka 735, katika monasteri ya Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, aliomba aletewe kisanduku chake ili awagawie mapadri wenzake vitu vichache alivyokuwa navyo. Mwanafunzi wake Cuthbert aliyeandika habari hizo anavitaja: pilipili, vitambaa na ubani. Kinachogusa moyo katika orodha hiyo ni kwamba pilipili inatangulia, maana yake mzee yule, aliyeishi karibu maisha yake yote ndani ya monasteri, alihifadhi punje zilizotoka pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, kama mali ya thamani ya kuachia wengine. Hata hivyo barua ya Cuthbert ni ya Kilatini. Inathibitisha kwamba kitu kilikuwapo, haithibitishi umbo la Kiingereza, na hivyo nimeiweka katika kadi ya bidhaa, si katika kadi ya neno. Vivyo hivyo sheria za forodha za London zinazonasibishwa na mfalme Æthelred, ambazo ziliwatoza wafanyabiashara wa dola ya Kijerumani ratili 10 za pilipili wakati wa Krismasi na Pasaka, zimetufikia kwa Kilatini.

Baada ya hapo njia ni nyeupe. “Pipor” likawa “peper” katika Kiingereza cha Kati, nalo likawa “pepper”. Kufikia 1180 wauza viungo wa London walikuwa na chama chao wakiitwa Pepperers, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walilifupisha neno wakapata “pep”, yaani uchangamfu.

12 Februari

Siku za hivi karibuni nimezielekeza zote kwenye swali la wakati: mababu wa Waingereza walilipata neno hili lini? Maandiko ya Kiingereza hayafiki mbali kiasi hicho, lakini sauti zenyewe zinajibu, na zinajibu kwa usahihi ambao bado unanistaajabisha kila ninapoupitia.

Lugha za Kijerumaniki, ambazo Kiingereza ni mojawapo, zilipitia mabadiliko makubwa ya konsonanti karne kadhaa kabla ya Kristo, mabadiliko waliyoyaonyesha wanaisimu Rasmus Rask mwaka 1818 na Jacob Grimm mwaka 1822. Katika mabadiliko hayo p ya zamani iligeuka f. Ndiyo maana penye “pater” ya Kilatini Kiingereza kina “father”, penye “piscis” kina “fish”, na mguu ambao kwa Kilatini una shina “ped-” kwa Kiingereza ni “foot”. Sasa tulitazame neno letu. Lingekuwa limo katika Kijerumaniki kabla ya mabadiliko hayo, p zake mbili zingegeuka f na leo Waingereza wangesema kitu kama “fifer”. Hawasemi hivyo. Kwa hiyo neno liliingia baada ya mlango huo kufungwa.

Mlango wa pili uko Ujerumani. Karne nyingi baadaye, kati ya karne ya 5 na ya 8 BK hivi, lahaja za kusini za Kijerumani zilipitia badiliko jingine ambalo Kiingereza hakikuligusa: p ya mwanzo wa neno ikawa pf, na p iliyokaa kati ya irabu ikawa ff. Kiingereza kina “pound”, Kijerumani kina “Pfund”. Kiingereza kina “open”, Kijerumani kina “offen”. Na kwa pilipili Kijerumani kina “Pfeffer”, neno linaloonyesha mabadiliko yote mawili kwa pamoja, pf mwanzoni na ff katikati, kama vile limetengenezwa makusudi kwa ajili ya somo hili. Ili nihakikishe kwamba si tabia ya Kijerumani kuvunja kila p inayoingia, nimelilinganisha na “Papier”, yaani karatasi, ambalo liliingia Kijerumani katika karne ya 14, na ambalo p zake zote mbili zimesimama zilivyo. Badiliko lilikuwa limekwisha pita; mgeni aliyechelewa hakuguswa.

Basi tuna mlango uliofungwa nyuma na mlango uliofungwa mbele, na neno “pepper” lilipita katikati. Huo ndio wakati ambao majeshi ya Roma yalikaa kwenye ukingo wa mto Rhine na makabila ya Kijerumaniki yakafanya nao biashara. Mikopo ya wakati huo inafahamika na ina harufu ya soko: “wine” kutoka “vinum”, “cheese” kutoka “caseus”, “mint” ya sarafu kutoka “moneta”, na “cheap”, ambalo zamani lilikuwa na maana ya biashara yenyewe, kutoka “caupo”, mwenye duka. “Pepper” linakaa katika fungu hili bila kusukumwa. Wasaksoni na Waangli, makabila ya mababu wa Waingereza, walikuwa nalo kabla hawajavuka bahari kwenda kisiwani.

Nyongeza mbili za siku hiyohiyo. Katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza ya leo, zilichimbuliwa hesabu zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mbao, za miaka ya karibu na 100 BK, na katika kimoja kuna mtu anayeitwa Gambax, mwana wa Tappo, ambaye mbele ya jina lake limeandikwa “piper” na dinari 2. Bidhaa kutoka Kusini mwa India ilikuwa ikinunuliwa kwa deni la kawaida mpakani kabisa mwa dola, na neno lake lilikuwa likitamkwa kisiwani humo zaidi ya miaka 300 kabla Kiingereza hakijafika. Na mwaka 408, Alaric, mfalme wa Wagothi, ambao nao walisema lugha ya Kijerumaniki, alipouzingira mji wa Roma, alidai katika fidia yake ratili 5,000 za dhahabu, 30,000 za fedha, na pamoja nazo ratili 3,000 za pilipili. Mtu hadai kwa ratili kitu asichokuwa na jina lake.

20 Februari

Kadi za Kilatini na Kigiriki. Kilatini kina “piper”, na kufikia wakati wa mshairi Horace, aliyefariki mwaka 8 KK, lilikuwa neno la mtaani: anasema mashairi mabovu huishia kwenye mtaa wa wauza ubani na pilipili na kila kinachofungwa kwa karatasi zisizo na maana, kama karanga zinavyofungwa leo kwenye kurasa za daftari la shule. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 BK, anatoa bei kwa ratili moja: dinari 15 kwa pilipili ndefu, 7 kwa nyeupe na 4 kwa nyeusi. Analalamika pia kwamba tunda hili halina utamu wala sura ya kuvutia, ila ukali tu, na kwamba kwa ajili ya ukali huo watu wanasafiri hadi India. Nimezinakili bei hizo tatu kwa uangalifu kwa sababu zitahitajika tena: ile iliyo ghali kuliko zote ndiyo yenye haki ya kwanza ya jina hili, ingawa Pliny mwenyewe hakulijua hilo.

“Piper” ni neno la Kigiriki “peperi” lililopunguzwa irabu ya mwisho. Kwa Kigiriki, Theophrastus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, anaeleza kwamba pilipili ni za aina mbili: moja ya mviringo, na nyingine ndefu, nyeusi, yenye mbegu ndogo kama za mpopi, nayo ni kali zaidi kuliko mwenzake. Na katika mkusanyiko wa maandiko ya tiba yanayobeba jina la tabibu wa Kigiriki Hippocrates, andiko moja kuhusu maradhi ya wanawake linataja dawa ya Kihindi ambayo Waajemi wanaiita “peperi”.

Maneno hayo machache, kwamba ni Waajemi wanaoiita hivyo, nimeyapigia mstari mara mbili.

26 Februari

Hoja ya leo ni herufi moja. Neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambalo wanaisimu wamelikubali kuwa chanzo cha “peperi” ni “pippalī”. Lina l. Kigiriki kina r. Jambo la nne la kadi, lile la kanuni ya sauti, linadai maelezo: r hii imetoka wapi?

Haikutoka kwa Wagiriki. Kigiriki kilikuwa na l nyingi na hakikuwa na sababu yoyote ya kuikimbia. Wagiriki waliuita mji wa Babeli “Babylon”, na l yake ikabaki salama. Mtu aliyeibadili alisimama kati ya India na Ugiriki, na lazima awe msemaji wa lugha ambayo l ilikuwa ngeni kwake. Katika lugha za Kiirani za kale l ya asili ilikuwa imeungana na r, na Kiajemi cha Kale kinachosomeka katika maandishi ya wafalme kinatumia l katika majina machache ya kigeni tu. Mara nyingi hata majina hayo hayakuachwa yalivyo. Kwenye jabali la Behistun, katika Iran ya leo, ambako mfalme Dario wa Kwanza, aliyetawala tangu 522 hadi 486 KK, aliamuru ushindi wake uchongwe kwa lugha tatu, mji uleule wa Babeli katika maandishi ya Kiajemi umeandikwa “Bābiruš”. Ukiliweka neno hilo kando ya “peperi” unaona mkono uleule ukifanya kazi ileile. Babeli kwa mdomo wa Kiajemi inapata r. “Pippalī” kwa mdomo huohuo inapata r.

Dario ndiye pia aliyeliteka bonde la mto Indus na kulifanya jimbo la dola yake, na dola hiyohiyo ilitawala miji ya Wagiriki kwenye pwani ya Uturuki ya leo. Kwa mara ya kwanza dawa ya Kihindi iliweza kusafiri kutoka inakoota hadi kwa tabibu wa Kigiriki bila kutoka chini ya mfalme mmoja. Andiko la tiba linasema jina ni la Waajemi, sauti inasema hivyo, na historia ya dola inaonyesha njia. Mashahidi watatu wasiohusiana wanapokubaliana namna hii, kadi inafungwa.

Kwa hiyo kila Mwingereza anapotamka r ya “pepper”, au anapoiandika tu ikiwa lahaja yake haiitamki mwishoni, anaendeleza tabia ya matamshi ya Waajemi wa zamani za Dario.

5 Machi

Sasa ni zamu ya maana, ambayo katika neno hili imehama kuliko sauti.

“Pippalī” ya Kisanskriti si pilipili manga. Ni pilipili ndefu, mmea ambao wataalamu wa mimea wanauita Piper longum. Ninazo mezani, zilizonunuliwa katika duka la dawa za asili za Kihindi: kila moja ni kimasuke chembamba chenye urefu wa sentimita mbili au tatu, rangi ya kijivu inayokaribia weusi, na juu yake kuna vinundu vidogo sana vilivyojipanga kwa mzunguko tangu kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Kila kinundu ni tunda zima lenye mbegu yake, na yote yameshikamana kwenye mti mmoja wa kati, hayaanguki hata ukiyasugua kwa kidole. Nikikivunja kimoja katikati naziona mbegu zenyewe, ndogo na za mviringo, na mara moja ninaelewa kwa nini Theophrastus alizilinganisha na mbegu za mpopi. Harufu yake ina utamu kidogo unaoelekea mdalasini, na ukali wake unachelewa kufika ulimini, lakini ukifika hauondoki upesi.

Pilipili manga, Piper nigrum, ni mmea wa ukoo huohuo unaotambaa katika misitu ya mvua ya kusini-magharibi mwa India, na huko ulikuwa na majina yake: “marica” katika Kisanskriti, na “kari” katika mashairi ya kale ya Kitamil, ambayo yanaeleza jinsi merikebu nzuri za wageni wa magharibi zilivyoingia katika bandari ya Muziris na dhahabu zikaondoka na “kari”. Hakuna kati ya majina hayo aliyeyachukua Mgiriki. Alikuwa tayari na neno “peperi” kwa ajili ya dawa ndefu iliyomfikia kwa njia ya nchi kavu, na ile ya mviringo ilipoanza kuja alilitumia hilohilo.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili umo katika Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, uleule unaoeleza pia pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa jina la Azania. Mwandishi wake anataja pilipili katika sehemu mbili tofauti za India. Kwenye bandari ya Barygaza, kaskazini-magharibi, bidhaa inayopakiwa ni “peperi” yenye kivumishi, yaani ndefu. Kwenye bandari za kusini, Muziris na Nelcynda, ni “peperi” kwa wingi mkubwa, na ndiyo iliyofanya merikebu zinazokwenda huko ziwe kubwa kuliko nyingine. Kufikia wakati huo mwenye jina la asili ndiye aliyelazimika kuongezewa kivumishi, na mpangaji akawa mwenye nyumba. Wingi uliamua. Huko Berenike, bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wachimbaji walikuta ndani ya hekalu mtungi wa Kihindi wenye zaidi ya kilo 7 za pilipili manga za karne hiyohiyo ya 1, na bei za Pliny zinaonyesha kwamba nyeusi ilikuwa karibu robo ya bei ya ndefu. Kitu cha bei nafuu kinachoingia kila jiko ndicho kinachobaki na jina.

Bidhaa yenyewe ilitangulia neno kwa muda mrefu: punje za pilipili manga zilikutwa katika tundu za pua za maiti iliyokaushwa ya Ramses wa Pili, aliyefariki mwaka 1213 KK. Hiyo ni kadi ya bidhaa tu, na haiongezi kitu katika mnyororo wa sauti.

11 Machi

Mwisho wa njia. “Pippalī” kwa maana ya pilipili ndefu inatajwa katika Atharvaveda, moja ya vitabu vya ibada vya Wahindi wa kale, ambamo wimbo mzima unaisifu kama dawa ya majeraha. Nyuma yake kuna “pippala”, ambalo ni jina la tunda dogo, na hasa tunda la mtini mtakatifu, ambao mpaka leo katika Kihindi unaitwa “pipal”. Katika kitabu cha kwanza cha Rigveda, mkusanyiko mwingine wa nyimbo za ibada za Wahindi hao, kuna picha inayojulikana sana kwa wasomi wa India: ndege wawili marafiki wametua kwenye mti mmoja, mmoja anakula “pippala” tamu, na mwingine anatazama tu bila kula. Kivumishi kilichotumika hapo, “svādu”, ni ndugu wa “sweet” ya Kiingereza, na wasomaji wa kadi hizi watanisamehe nikikaa kidogo hapa, kwa maana ni jambo linalostahili. Katika andiko la kale kuliko yote lenye shina hili, kitu kinachotajwa ni kitamu. Ukali ulikuja baadaye, pale jina la tunda lolote dogo lilipobanwa likawa jina la lile linalowasha.

Je, tunaweza kwenda nyuma ya Rigveda? Maneno mengi ya Kisanskriti yanaweza kupelekwa hadi katika lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya kwa kuyalinganisha na ndugu zake wa Ulaya, kama vile “svādu” na “sweet” zinavyolinganishwa. “Pippala” halina ndugu kama huyo. Kila umbo la Ulaya ni mkopo uliopita njia niliyoieleza, si urithi. Tena p yake iliyokazwa katikati si ya kawaida katika maneno ya urithi. Kwa sababu hizo wataalamu wengi wanalihesabu miongoni mwa maneno ambayo wasemaji wa Kisanskriti waliyapokea kutoka kwa wenyeji waliowakuta India, watu walioijua mimea ya nchi hiyo kabla yao. Kadi ya mwisho inasema hivyo na inaishia hapo.

17 Machi

Nimerudi kwenye tawi letu. Mbali na njia ya r, “pippalī” lilikuwa na njia ya pili iliyobaki na l, na katika njia hiyo neno lilipata umbo la kujirudia: “pilpil” katika Kiajemi cha Kati, na “pilpel” katika Kiaramu na Kiebrania cha marabi, ambako mjadala mkali wa kisheria hata leo unaitwa “pilpul” kwa sababu ya ukali huo. Kiarabu, ambacho hakina p, kililipokea kwa f, kama kilivyofanya kwa Plato akawa Aflatuni na kwa Pars ikawa Fars. Hivyo tunapata “fulful” na “filfil”. Ni neno la zamani huko pia: katika qasida yake mashuhuri, mshairi wa Kiarabu Imru' al-Qays wa karne ya 6 anaona vinyesi vya paa vimetapakaa kwenye makazi yaliyohamwa, kama punje za “fulful”.

Hapo ndipo inapobidi kutazama neno la Kiswahili kwa jicho la kanuni. Ni rahisi kusema kwamba pilipili imetoka Kiarabu, kwa kuwa mikopo yetu mingi imetoka huko. Lakini Kiswahili hakina tatizo na f. Tumeipokea katika fedha, fikra, faida na mamia ya maneno mengine bila kuigeuza. Lau tungelichukua “filfil” kutoka mdomoni mwa Mwarabu, leo tungekuwa na “filifili”. P zetu mbili zinaelekeza kwenye umbo ambalo halijapita Kiarabu, na umbo linalofaa ni “pilpil” la Kiajemi, lugha iliyotupa pia pamba, kwa p yake. Kazi ya Kiswahili ilikuwa ndogo: silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo pil-pil ikafunguka ikawa pi-li-pi-li.

Matokeo yake ni kwamba pilipili imetunza p mbili na l, sauti ambazo Mhindi wa kale angezitambua, ilhali “pepper” imetunza p mbili na r ya Waajemi wa kwanza. Hata hivyo nimeandika tahadhari juu ya kadi: kukaribiana kwa sauti za Kiswahili na Kisanskriti hakumaanishi kwamba mkopo wetu ni wa kale zaidi. Maana yake ni kwamba tulilipata kwa njia nyingine, na Kiingereza kilikuwa na lake muda mrefu.

24 Machi

Kadi za mwisho ni za pilipili ya kuwasha, ambayo si ya ukoo huu kabisa. Ni mmea wa Amerika, wa jamii moja na nyanya na tumbaku, wakati ndugu halisi wa pilipili manga tunaemfahamu pwani ni mtambuu. Tarehe 15 Januari 1493 Columbus aliandika katika shajara yake kwamba wenyeji wa visiwa alivyovifikia wana “ají”, ambayo ndiyo pilipili yao, na ni bora kuliko pilipili. Tangu siku hiyo jina la mmea wa Asia lilitumiwa kwa mmea wa Amerika kila ulikokwenda. Kihindi kilifanya hivyo kwa “mirch”, linalotokana na “marica”. Kiingereza kikafanya hivyo kwa “pepper”. Nasi tulifanya hivyo kwa pilipili baada ya Wareno kuuleta mmea huo pwani. Kiswahili, hata hivyo, kilikwenda mbali zaidi kuliko Kiingereza. Kwa Mwingereza “pepper” peke yake, mezani, bado ni ile nyeusi. Kwetu mgeni amechukua jina tupu, na mwenyeji ndiye anayeongezewa nasaba, manga, yaani ya Arabuni. Kisa cha “peperi” ya Barygaza kimejirudia chote.

Kutoka lugha za Kibantu za Msumbiji, ambazo zina neno hilihili, Wareno walipata “piripiri”, na kutoka hapo Kiingereza kikapata “peri-peri”. Kwa hiyo kamusi ya Kiingereza leo ina maneno mawili ya shina moja, moja lililopita Uajemi, Ugiriki na Roma, na jingine lililopita Bahari ya Hindi na pwani ya Afrika. Yote mawili yana r, na hapa ndipo mtu anaweza kuteleza, kwa kudhani ni r moja. Siyo. R ya “pepper” ni ya Kiajemi cha Kale. R ya “peri-peri” imetokana na kubadilishana kwa l na r kunakojulikana vema katika lugha nyingi za Kibantu, hakuna uhusiano wowote na Dario. Nimeipa “peri-peri” kadi yake ya pekee, iliyounganishwa na “pepper” kwenye “pippalī” tu, na katika nafasi ya kanuni ya sauti nimeandika: r kutoka l, Kibantu.